Buluu Iliyoishia Dirishani

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Chama chetu cha mafundi rangi kimetimiza miaka thelathini. Mwenyekiti kasimulia tena jinsi baba alivyokianzisha baada ya mafundi wawili kupigania ukuta mmoja, wakaweka sharti: ukuta aliouanza mwenzako huumalizi mpaka akuruhusu.

Basi ile buluu uliyoiacha ukutani chumbani kwa mama, siku tuliyogombana, bado imeishia dirishani. Mama hainuki tena kitandani. Huitazama kutwa, anasema ni anga linamjia polepole. Jana kaniuliza, “Wee mwanachama, anga langu litanifikia lini?”

Brashi yako nimeiosha, imelainika. Sikuombi ruhusa, mdogo wangu. Njoo uumalize.

Kaka yako, anayekuombea kila alfajiri