Kitabu cha Mama Wanjala

Satellite, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako mama yangu, Mwaitu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linaendeleaje na baridi hii? Na yule mbuzi aliyevimba shingo, alipona? Mimi mwili ni mzima na kikohozi kimepungua, ila moyo hauko sawa. Uliponikatia simu nilijua umeumia. Uliwaambia akina mama wa kanisa kwamba mwanao anakuja kwa shukrani ya mavuno, halafu ukasikia niko Bungoma kwenye mazishi ya watu usiowajua. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu tutagombana tena.

Kule Hurlingham ninapofanya kazi ya mapokezi, tuna kikundi cha kusoma vitabu. Tunakutana Jumamosi pale Kenyatta Market, kwa muuza nyama choma mmoja anayetuvumilia. Mwaka huu tuliamua kurudia riwaya zilizoteuliwa pamoja, zamani, kuwania tuzo moja ya hadithi za kisayansi, zile za mambo yajayo, roboti na safari za angani. Kevo, fundi wa kompyuta, alikuwa akizitaja moja moja, aliyeisoma ainue mkono.

Ile iliyoshinda, karibu sote tulikuwa tumeisoma. Nyingine, mikono michache. Ilipotajwa *Mawingu ya Kukodi*, hakuna aliyeinua mkono.

"Hata wewe Kevo, na unayo hapo?" nikamuuliza.

"Mimi nilinunua kwa sababu ya jalada tu, kwa wale wa vitabu kuukuu huko tao, katikati ya jiji. Kusoma sijasoma."

Watu wakacheka. Nikakichukua. Nyuma kulikuwa na picha ya mwanamke kijana mwenye sare ya nesi, na uso ule nikaujua. Ni Mama Wanjala, mjane wa nyumba ya chini kwenye ploti yetu ya kupanga, yule niliyekuambia sukari imemla macho. Miaka yote tumesalimiana kwenye kamba ya nguo, na hakuwahi kutaja kitabu.

Nilimpelekea baada ya ibada. Alikipapasa, akakinusa.

"Hii umetoa wapi?"

"Tunarudia vile viliteuliwa, Mama. Chako pia kiko."

"Na nani amesoma?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, "Hakuna."

Akanirudishia kitabu. "Hata mimi sikumbuki vizuri vile niliandika. Hebu nisomee. Lakini usiende mbele bila mimi."

Basi nikawa namsomea kila Jumapili. Ni hadithi ya mji ambao mvua imekuwa mali ya kampuni, na nesi mmoja anayewaficha kwenye wodi iliyofungwa wagonjwa walionyimwa maji. Ungedhani ameandika habari za Kitui yetu ya ukame. Aliniambia alikuwa akiandika akitoka zamu, mtoto mgongoni. Tuzo ilipokwenda kwa mwingine, mchapishaji hakumtafuta tena, na nakala zilizobaki zikaishia kufungiwa njugu. Wakati mwingine alicheka kwa maneno yake mwenyewe. Wakati mwingine alisema, "Hapo niliharibu, ruka." Sikuruka.

Niliomba kikundi kimwalike. Alivaa kitenge chake kizuri, nikamshika mkono hadi Kenyatta Market. Wengi hawakutokea. Waliokuja wakamuuliza kama alimjua yule mshindi, ni mtu wa aina gani, anaishi wapi. Akawajibu kwa upole, kisha akauliza, "Na hii yangu?"

Msichana mmoja akasema, "Tumeanza tu, mum." Akainamia sahani yake.

Tukirudi nilitaka kuwatukana. Mama Wanjala akanizuia. "Usiwalaumu. Wale tuliteuliwa pamoja, hata mimi sikusoma vitabu vyao. Nilikuwa na uchungu sana."

Baada ya hapo ile sukari ikamletea kidonda mguuni, kikaoza. Madaktari wakamkata mguu, na hakupata nafuu. Nilimsomea hospitalini hadi alipoacha kuitikia. Alipofariki tulikuwa tumebakisha sura ya mwisho.

Mwanawe Wanjala alikuja kutoka Mombasa kumpeleka kwao Bungoma kuzikwa. Kwenye ploti kila mtu alikuwa na udhuru wake, na mimi sikuweza kukubali asindikizwe na mwanawe na dereva tu. Ndiyo wiki ile ya shukrani yako, Mwaitu.

Mazishini walimsifu kwa unesi na kwa kwaya. Kitabu hakikutajwa. Tulipomaliza kuzika nilimwendea Wanjala, nikamwonyesha.

"Mama aliandika kitabu?"

"Na kikateuliwa kuwania tuzo."

Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. "Kinaishaje?"

"Sijui. Alinikataza kwenda mbele bila yeye."

"Basi soma."

Tukaketi hapo kando ya kaburi, nikaanza. Kabla sijafika mbali, akaitwa kumsindikiza mchungaji. Akaenda, na hakurudi. Nikanyamaza. Vijana waliokuwa wakisawazisha udongo wakasimama, na mmoja akaegemea jembe.

"Madam, mbona umenyamaza? Huyo nesi walimshika?"

"Walimshika."

"Na wagonjwa?"

"Sijafika hapo."

"Si usome, basi!"

Wakaketi chini na matope yao, nami nikasoma hadi mwisho. Kinaisha vibaya, Mwaitu. Nesi anafia kifungoni, wagonjwa wanatolewa nje, na mvua hainyeshi.  Halafu yule aliyeniuliza akavua kofia, akasema, "Huyu mama alikuwa anajua." Wakarudi kwenye ule udongo, wakaanza kuulainisha upya kwa mikono.

Hiyo ndiyo sababu sikuja. Ukibaki na hasira sitakulaumu, ila usidhani nilikusahau.

Nisalimie kaka Musyoka na mkewe, Mungu amfungue salama. Msalimie shangazi Kalekye anayekukamulia ng'ombe, na mjomba wa kwaya, mwambie sauti yake naikosa huku. Wewe jifunike vizuri, na goti ulikande kwa maji moto.

Ni mimi, mwanao anayekuwaza,
Mumbua