Bia Niliyoitema

Jumatatu, 8 Oktoba

Tilda ameamka mara nne. Ametimiza miezi mitatu, na leo nimerudi kazini. Fulana nimeivaa kinyume, mshono nje. Duane, mwenye kiwanda, ndiye aliyeniambia. "Karibu tena, Corinne. Umevaa ndani nje." Ndivyo nilivyopokelewa.

Na siku yenyewe ni ya kuonja mapipa! Thelathini na mawili, bia nyeusi, imekaa mwaka mzima kwenye mapipa yaliyotoka Kentucky yakiwa bado yamelowa wiski. Mzee Arvid, fundi wa mapipa, anatangulia na koleo. Anachomoa msumari kwenye uso wa pipa, bia inaruka kama uzi, mimi nakinga glasi, yeye anarudisha msumari. Naonja. Ikiwa safi nachora duara kwa chaki. Ikiwa mbaya, msalaba. Halafu anajaza chupa ndogo ya kumbukumbu, tunaiandika namba, inakwenda chumba cha baridi kali. Miaka sita kazi hii ni yangu. Sina cheti cha chochote. Nina ulimi.

Waonja mvinyo hutema. Sisi humeza. Bia nyeusi ya aina hii ni nzito na tamu, na kasoro yake hujificha nyuma ya utamu. Inakuja ukishameza, huku nyuma kooni, taratibu. Hata mfagizi wetu anajua hilo.

Leo nimetema. Mapipa yote thelathini na mawili. Mzee akigeukia pipa linalofuata, mimi natemea kwenye kikombe changu cha kahawa, nafunga mfuniko.

Nesi alisema kidogo si neno, subiri saa mbili tatu kabla ya kunyonyesha. Najua. Lakini mama yangu alininyonyesha akiwa amelewa, ameniambia mwenyewe, tena akicheka. Niliapa Tilda hatapata hata tone. Kwa hilo sirudi nyuma.

Ila ningeweza kusema. "Mwaka huu sionji." Maneno matatu. Duane angeonja mwenyewe. Sikusema, maana angeona anaweza bila mimi.

La tatu na la ishirini na saba, msalaba, yalinuka siki waziwazi. La kumi na nne nilisita. Kulikuwa na kitu, au hakukuwa na kitu. Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma. Nikachora duara.


Jumanne, 23 Oktoba

Mapipa thelathini yamemwagwa kwenye tangi moja. Kiwanda kizima kinanukia chokoleti na mbao. Duane anapiga mluzi.

Tilda ana mafua. Wade, mume wangu, amekuwa barabarani kutwa na gari la kusukuma theluji, mapema hii. Nimechoka hadi meno.


Jumamosi, 24 Novemba

Siku ya kuuza. Watu wamepanga foleni tangu alfajiri na viti vyao vya kukunja, blanketi magotini, upepo wa ziwani unakata masikio. Wanafunguliana chupa walizotoka nazo makwao. Mmoja amekumbatia katoni yake kama mtoto. Mzee Arvid akamwuliza, "Mkeo anajua unaweza kukumbatia hivyo?" Foleni nzima ikaangua kicheko, na yule bwana naye.

Nyuma ya lebo wameandika: imeonjwa na Corinne. Sikuambiwa. Duane alitaka kunifurahisha.

Mzee alimchukua Tilda akamtia ndani ya koti lake, kichwa tu nje. Akazunguka naye kwenye mapipa matupu. Eti anamfundisha kazi. "Hili lako, hili langu, hili la Duane, ndiyo maana linavuja." Ana miaka sabini na sita. Mkewe amefariki miaka miwili sasa, na binti yake Karlene yuko mji wa Green Bay, kila wiki anamwambia ahamie kwake. Yeye anajibu ana mapipa ya kuangalia.


Jumatano, 9 Januari

Bia imechacha.

Barua zilianza wiki iliyopita, mbili, tatu. Leo simu haikunyamaza. Chupa zikifunguliwa zinamwaga povu hadi mezani. Ndimu, wanasema. Maziwa yaliyolala. Bwana mmoja alifungua yake kwenye chakula cha harusi ya bintiye.

Duane amefungua sita mfululizo kwenye sinki. Zote. Hakutukana, na hilo ndilo lililonitisha.

Pipa moja bovu likiingia kwenye tangi linatosha. Vijidudu vinakula ule utamu polepole ndani ya chupa.

Nimejua papo hapo. Hata namba ya pipa nimeijua.


Alhamisi, 10 Januari

Naandika Tilda akiwa amelala mapajani, mkono umekufa ganzi.

Duane alituita asubuhi, watu watano, chumba cha kula. Alikuwa na karatasi. Akahesabu kwa vidole. Mapipa yalionjwa tarehe nane, yakamwagwa tarehe ishirini na tatu. Corinne aliyapitisha thelathini, na Corinne miaka sita hajawahi kukosea. Kwa hiyo kuna pipa lililoharibika kati ya hizo siku kumi na tano. Hewa imeingia. Kizibo cha pipa kimeachwa wazi. Aliyekuwa anashughulikia vizibo siku hizo ni mmoja.

Hakumtazama. Sote tulimtazama.

Mzee Arvid alikuwa na kipande cha pai ya nyama mkononi. Akakiweka chini. Akafikiri muda mrefu, kwa dhati, kama mtu anayejitafuta mifukoni.

"Sikumbuki kuacha kizibo," akasema. "Lakini sikumbuki pia kukirudisha."

Tess wa mauzo akasema, mzee, hakuna anayekumbuka kurudisha kizibo, mimi sikumbuki hata kufunga mlango wa nyumba. Yeye akatikisa kichwa. Akasema juzi alikuta maziwa ameyaweka kabatini na sukari kwenye friji. Alikuwa hajamwambia mtu. Akatuambia sisi, pale.

Halafu akageuka kwangu. Kwangu! "Samahani, binti. Nimeliharibu jina lako kwenye chupa."

Mimi nikasema, "Usijali, mzee."

Ndicho nilichosema. Usijali, mzee. Kwa mdomo huuhuu.


Ijumaa, 11 Januari

Hakuja kazini. Tess anasema Karlene amefika kutoka Green Bay na amechukua funguo za gari lake. Hakubisha. Alimwambia, "Kama nimesahau kizibo, kesho nitasahau jiko." Jumatatu anahama naye. Kitanda kimeshawekwa tayari kwa binti yake.

Miaka miwili amebisha. Pipa moja limemnyamazisha.

Wakati wa chakula niliingia chumba cha baridi. Chupa ndogo zimepangwa, namba kwa mwandiko wangu. Baridi ile haiachi kitu kuchacha zaidi. Kilichomo ni kile cha tarehe nane, vilevile. Nikachukua ya kumi na nne. Asubuhi nilikuwa nimekamua maziwa ya kumtosha Tilda hadi kesho.

Nikanywa funda nikatema sakafuni. Chokoleti, zabibu kavu, mbao, wiski. Nzuri kabisa. Yaani nzuri.

Nikanywa funda nikameza. Ya kwanza tangu nibebe mimba. Joto likashuka hadi tumboni. Nikasubiri. Kwanza hakuna. Halafu ikaja, kooni, nyembamba, kama umelamba sarafu. Hapo hapo mtu yeyote wa kazi hii angechora msalaba.

Lilikuwa bovu siku ile ile. Kabla mzee hajagusa kizibo chochote.

Nilikaa kwenye kreti hadi vidole vikauma. Nikamtamani mama yangu, kitu ambacho sijafanya miaka. Nikajiuliza yeye alipokuwa anajiambia "kidogo tu" alikuwa na sura gani. Mimi nilijiambia "kimya tu." Sijui tofauti yake ni kubwa kiasi gani.

Nimemweleza Wade jioni. Akaacha kula.

"Mwambie Duane, basi."

"Atanifukuza."

"Anaweza." Akasukuma sahani. "Mzee naye angeondoka tu, Corinne. Leo au mwakani. Sisi tuna huyu." Akamwonyesha Tilda kwa uma.

Wade si mtu mbaya. Amechoka kama mimi. Lakini nilimwambia asimtaje mtoto kwenye hili tena. Mtoto ndiye niliyemsingizia tangu Oktoba. Kutema kulikuwa kwa ajili yake. Kunyamaza kulikuwa kwa ajili yangu.


Jumapili, 13 Januari

Niko ndani ya gari, mbele ya nyumba ya Mzee Arvid. Injini inaunguruma kwa ajili ya joto, Tilda yuko nyuma kwenye kiti chake. Naandika hapa hapa, nisipoandika sasa kesho nitajisimulia vizuri zaidi.

Nilifika saa nne. Karlene alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Mzee amekaa jikoni, koti limefungwa vifungo vyote, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama abiria.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kikombe cha kahawa. Mfuniko. Pipa la kumi na nne, kusita, duara. Mkutano na mimi nimekaa kimya. Sikulia, nilikuwa nimejikataza.

Alisikiliza. Akatabasamu. Nilitarajia kila kitu isipokuwa hicho.

"Una moyo mzuri, binti," akasema. "Lakini usibebe ya kwangu."

"Ni yangu, mzee."

"Nakujua miaka sita. Wewe huwezi kutema bia." Akamgeukia Karlene. "Unaona watu wa huku? Anataka nihame nikiwa na furaha."

Nikamwapia. Akanipigapiga mkono. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo alivyozidi kunishukuru. Siku tatu zilizopita angeniamini kwa neno moja. Sasa ameshakubali kwamba kichwa chake kimekwisha, na kila kinachoingia humo kinatoka kikiwa huruma.

Karlene akanifuata hadi kwenye korido. Macho mekundu. "Dada, nakuomba. Nimehangaika miaka miwili. Amekubali. Usimvuruge."

"Amekubali kitu ambacho hakukifanya."

"Maziwa kabatini je? Hayo pia uliyaweka wewe?"

Huenda kweli anaanza kusahau. Lakini akihama, ahame kwa hayo. Asihame kwa pipa langu.

Nikarudi jikoni nikatoa ile chupa ndogo kwenye begi la nepi. Nimeichukua bila ruhusa, nayo nitamweleza Duane kesho pamoja na mengine. Nikaiweka mezani na glasi mbili. Mzee akaitazama namba. Akaitazama tarehe. Tabasamu likapungua.

"Mzee, onja mara mbili. Moja uteme. Moja umeze. Halafu uniambie kizibo kilihusika vipi."

"Nina miaka arobaini na minane kwenye kazi hii. Sijawahi kutema."

"Ndiyo sababu hukunishuku."

Uso ukabadilika, kidogo sana, pembeni mwa mdomo. Nadhani hapo ndipo aliponiamini, na hapo ndipo aliponichukia, kama amenichukia. Akasema, bila kuita binti wala nini, "Nenda nje."

Nimetoka. Ni dakika kumi sasa, labda kumi na mbili.

Dirisha la jikoni liko upande wangu. Namwona mgongo. Ameinama kwenye sinki mara moja, akafungua maji. Halafu akasimama wima na glasi ya pili, akainua kichwa nyuma. Hajasogea tangu hapo. Karlene amesimama mlangoni na gazeti mkononi, anaongea.

Tilda ameamka. Analia kile kilio cha njaa, hakisubiri. Nimemtoa, nimemweka kifuani. Ameshika.

Mlango umefunguliwa. Mzee anakuja, koti wazi, hana kofia, anapita katikati ya theluji badala ya njia. Glasi bado anayo. Siwezi kushuka, mtoto ananyonya. Nimeteremsha kioo, baridi imeingia yote. Amefika kwenye boneti, ameweka kiganja juu yake, kisha kwa kidole amechora msalaba.