Mama Mkwe Ananyanyua Nyumba Kila Akimaliza Kula

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana jambo lenyewe nikilisema nitaonekana msaliti na nikilinyamazia kuna siku nyumba itatuangukia, na nikisema nyumba nina maana ya gari, kwa sababu mume wangu ni mpima ardhi, kazi yake ya kuhamahama, basi akanunua gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo humo humo, na ndimo tunamoishi sisi wawili pamoja na mama yake mzazi. Gari lina jeki nne, moja kila kona, unabonyeza vitufe karibu na usukani zinashuka na kulisawazisha, na mume wangu, mshauri, wee acha tu, yule mtu anaweka pimamaji juu ya meza, juu ya jiko, hadi juu ya kitanda chetu, na kile kiputo kisipokaa katikati hapati usingizi.

Sasa huu mwezi wa ngapi sijui, kila akirudi kazini jioni anakuta mbele ya nyumba kumeinuka, ukiweka yai mezani linabingirika hadi chini, naye anasawazisha upya huku akimlaani Fundi Grisi, fundi wetu wa magari na rafiki yake tangu utotoni, kwamba jeki alizotengeneza zinavuja, na Fundi Grisi kaja, kafungua, kafunga, kaapa jeki ni nzima, mpaka wamenuniana hata salamu hakuna. Na mimi namjua anayeinua. Ni mama mkwe. Mchana akishakula anakwenda mwenyewe kwenye vitufe, ananyanyua upande wa mbele kiliko kichwa cha kitanda chake, ndipo anajilaza, maana anasema akilala sawasawa pumzi haiji, kama amekaliwa kifuani, na usiku nyumba ikishasawazishwa anasinzia akiwa amekaa. Nilipomfumania alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nisitiri. Akijua atanirudisha kwa kaka yake, nikakae kwenye kile chumba nitazame ukuta. Hapa kila tukihama dirisha langu lina kitu kipya." Nikaapa sitasema, nami nampenda, mama wa watu hana makuu, mcheshi, hata juzi kanivunja mbavu, siku hizi anavaa ndala za mwanawe anasema zake zimesinyaa kwa jua.

Lakini wiki iliyopita mvua ilinyesha, naye akanyanyua mpaka magurudumu ya mbele yakaning'inia, jeki ya kulia ikazama kwenye tope, gari likateleza na kuinama, birika la chai likamwagika, tunashukuru Mungu mama hakuumia, ila mguu wa jeki umepinda. Mume wangu ameapa gari analiuza na Fundi Grisi asikanyage tena kwetu. Nivunje kiapo, mshauri, au niendelee kumeza?

Ni mimi, Mkwe Kiapo Kooni.

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu Kiapo Kooni, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikavua miwani.

Marehemu mume wangu aliendesha malori maisha yake yote, na jeki nilianza kuishika kabla sijashika mtoto, kwa hiyo tuanze na chuma. Jeki za kusawazisha kazi yake ni kutuliza gari lisitikisike na kuondoa mwinamo mdogo, basi. Hazikutengenezwa kulibeba gari zima, wala kupandishwa na kushushwa kila mtu akitaka kujinyoosha. Magurudumu yasiache ardhi hata siku moja! Yakishaning'inia, hayazuii kitu. Mwambie mumeo aegeshe mahali pagumu, atie kabari kwenye magurudumu kabla hajabonyeza chochote, na chini ya kila jeki aweke ubao mpana na mnene, hasa nyakati za mvua. Mteremko ukiwa mkali, ahamishe gari, asiing'ang'anize jeki inyooke hadi mwisho wake. Mtu asiingie uvunguni kwa kutegemea jeki peke yake, na kabla ya kuondoka azunguke aone kwa macho yake kwamba zote zimepanda. Hiyo iliyopinda asiinyooshe kwa nyundo, wanaume nawajua. Amwite Fundi Grisi aibadilishe, na aanze kwa kumwomba radhi.

Haya, chuma kimekwisha. Sasa wewe. Mtu mzima na akili zako, unamwona mama anainua nyumba nzima ili apate pumzi, halafu unaniuliza habari za kiapo? Kiapo cha kumsitiri mtu aibu yake nakiheshimu sana. Lakini hapa hakuna aibu, hapa kuna ugonjwa, na wahenga walishatuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi si daktari. Ila mtu asiyeweza kulala mpaka ainuliwe kichwa, huyo moyo wake utazamwe, au mapafu, na utazamwe upesi. Mumeo naye anapima kila kilichomo garini isipokuwa mama yake.

Fanya hivi. Leo hii kaa na mama, mwambie kwa upole, "Mama, jioni utamweleza mwanao mwenyewe, nami nitakuwa ubavuni mwako." Akishindwa, sema wewe, mbele yake, si kwa kumnong'oneza mumeo chumbani. Mweleze na lile la dirisha. Yule ni mtoto wake, akilisikia hilo, gari haliuzi. Kwa leo mpangieni mito mgongoni na kichwani, gari libaki sawa, vitufe asiviguse. Kesho asubuhi hospitali, na pumzi ikizidi kubana kabla ya hapo, msingoje kesho.

Halafu zile ndala zake za zamani zitie kwenye mfuko uende nazo. Daktari akiuliza ugonjwa ulianza lini, mwambie ni tangu ndala zilipokataa kuingia. Hazikusinyaa, binti yangu. Miguu ndiyo imevimba.