Nyekundu ya Kambale

Lubumbashi, Hewa Bora

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia sana, na pole tena. Umeanza kula? Na mugongo, inakuachia usingizi? Mimi mwili iko muzima, roho, tuache. Hapa umeme unakatika ovyo, bei ya unga inapanda kila soko, na bantu bakisikia natoka Kivu banashusha sauti.

Habari yako imenifikia: jumamosi mutaondoa matanga ya kaka Kambale na mutanyoa vichwa, juu ya vile dereva mumoja alimwambia baba mudogo kwamba alimuona ameanguka kwenye mulango ya depo ya magari, kule Goma, siku bantu ba bunduki baliingia muji. Umeniuliza kama nakubali. Nimechelewa kujibu, na sababu ndiyo hii.

Unajua patro wangu, ule mufanyabiashara wa kwetu, ana ukurasa kwenye internet wa kutangaza magari yake: gari gani imetoka, njia gani iko muzuri. Kambale alikuwa anaandika toka Goma, mimi natengeneza hapa. Kila asubuhi nawasha programu moja. Haina picha, unaandika mustari mumoja kwenye dirisha nyeusi, inapita kurasa zote na kukuonyesha alama za zamani za uandishi, za kuweka maneno katikati ao kuyapaka rangi, zile telefone za leo hazisome tena vizuri. Ni kama wewe na lungo yako ya kutafuta mawe kwenye maharagwe, ila yenyewe haitupe kitu. Inaonyesha tu, kutoa ni kazi yangu.

Na mawe yote ilikuwa ya Kambale! Kichwa ngumu yule. Alijifunza kazi hii zamani, basi kila tangazo anaweka katikati, rangi nyekundu, kwa alama zake za zamani. Nafuta, anarudisha siku ile ile. Namupigia: "Kaka, hizo alama zilikufa!" Anacheka: "Kavira, kitu kama inaonekana, iko nzima." Hata siku moja hakuniachia neno la mwisho.

Vita ikafika, simu yake ikanyamaza. Nikasafisha kurasa zote huku nalia. Halafu juma iliyopita programu ikanionyesha mustari mupya: NJIA IMEFUNGWA. MUSITUME GARI. Katikati. Nyekundu. Ee Mungu wangu! Nilipiga kelele mpaka patro akamwaga chai.

"Iko muzima! Kambale iko muzima!"

Patro, muzee ule, akasoma, akakaa chini polepole. "Mutoto yangu, ni mukono wake, sikatae. Gari zilikuwa tayari kutoka, sasa hazitoke. Lakini pengine aliandika siku ile ile, bila rezo ya simu, na telefone ikatuma baadaye, wakati muntu mwengine aliiwasha."

Nilimuchukia kabisa. Lakini nilijua namna ya kumuuliza Kambale mwenyewe: nikafuta nyekundu yake, maneno nikayaacha. Kama iko muzima, nikasema, hatavumilia, atairudisha.

Nikangoja. Kila asubuhi naomba Mungu programu inipate na kosa. Inajibu: safi. Mama, sijachukia usafi namna hii tangu nizaliwe. Leo pia, safi.

Munyoe, Mama. Nakubali. Mimi pia nimenyoa. Jirani, mama mumoja wa hapa hapa, ndiye alishika wembe, na alilia kuliko mimi.

Unisalimie baba mudogo, umwambie asimukasirikie dereva yule, alisema kweli. Shangazi asichoke kukulazimisha kula. Muke wa kaka umushike mukono kwa ajili yangu, umwambie madereva ba hapa balirudi kwa batoto babo juu ya onyo ya bwana yake.

Mbele ya kufunga barua hii, nimerudisha nyekundu, katikati, na alama zake zote za zamani. Patro ameona, ameniwekea chai karibu. Kesho asubuhi programu itamupata. Acha imupate kila siku.

Mutoto wako,
Kavira