Betri Niliyokusingizia

Baba Shamim,

Ijumaa nilikuja kaburini na maneno mengi, nikaondoka bila kusema hata moja. Dada yako Halima alikuwa amesimama kando yangu anaomba dua, na maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya kusikiwa na dada yako. Nikainua mikono, nikaitikia amina, nikarudi nayo nyumbani. Ndiyo maana nakuandikia. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha yetu sisi wawili. Kikonzo chako, lugha ya watu wa huku, kilinichekesha mpaka siku zako za mwisho, na ukitaka kukumbuka kicheko changu kikumbuke sasa hivi, maana haya yanayofuata hayachekeshi.

Nimekuaibisha. Nimekuaibisha mbele ya watu wa hapa Kyondo, ndani ya kibanda chako mwenyewe, na wewe hukuwepo kujitetea.

Wacha nianze pale uliponiacha.

Nilipoingia eda tulifunga kibanda cha video. Shemeji Juma akapanda juu ya bati, akateremsha paneli ya sola kwa kuogopa wezi, akaisukuma chini ya kitanda chetu. Alifanya kwa nia njema. Lakini betri ilibaki kule kibandani, ndani ya lile sanduku la mbao ulilolipigilia misumari mwenyewe, haipati jua wala mtu wa kuitazama. Mimi nilikuwa ndani nakulilia. Sikuikumbuka. Na wewe uliniambia zaidi ya mara moja: "Mama Shamim, betri hata isipofanya kazi inakula. Ukiiacha na njaa inakufa kimya kimya." Ndivyo ilivyokufa.

Eda ilipokwisha tukarudisha paneli juu. Betri ikapata chaji ya jua siku nzima, lakini tulipowasha televisheni haikumaliza hata taarifa ya habari. Rafiki yako Bwambale akaja, akafungua vifuniko vyake, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Hii ilikufa, mama. Ilikaa sana bila chaji. Twende Kasese nikusaidie kuchagua ingine."

Nikakataa. Si kwamba nilimdharau. Wiki ile ile Halima alikuwa amesema, mbele ya wanawake kisimani, kwamba kuna wajane wanaovua nguo za eda asubuhi na jioni wako nyuma ya pikipiki ya mwanaume. Hakutaja jina. Kwa hiyo nikamwambia Bwambale nitakwenda peke yangu, mimi si mtoto.

Duka lilikuwa karibu na stendi ya Kasese, na muuzaji alikuwa kijana mwenye mdomo mtamu. Nikamwambia nataka betri ya sola. Akanitolea moja kubwa, inang'aa, imebandikwa picha ya jua ubavuni. Nikauliza, "Hii ni ya sola kweli?"

"Kabisa, mama! Hii ina nguvu, hata lori inawasha."

Nami nikafurahi, Baba Shamim. Nikafurahi! Neno lile lilipaswa kunitoa mbio pale dukani, kwa sababu wewe ulishanieleza. Tulikuwa tunamenya matoke, ukaniambia betri ya gari ni kijana wa mbio: inatoa nguvu zake zote kwa mara moja, gari likiwaka inapumzika. Ya sola ni kama mpagazi wa Nyakalengija, anapanda mlima na mzigo wake polepole kutwa nzima, na kesho anapanda tena. Mabamba yake ya ndani ni manene, ndiyo maana ni nzito. Ulieleza yote hayo, mimi nikawa naitikia "ee, ee," huku nikifikiria chumvi imekwisha. Basi nikailipia betri ya gari. Kijana akaichukua ile yako iliyokufa, niliyokwenda nayo, kama chuma chakavu, nami nikapanda gari la kurudi nikiwa nimeshika kichwa juu.

Mwanzo ilifanya kazi vizuri, nisiseme uongo mwingine. Watu wakarudi. Bwambale akaomba aione, nikamwambia hakuna haja. Baadaye ikaanza kuchoka. Filamu inafika karibu na mwisho, picha inatetemeka. Nikawa nafunga mapema, nawaambia wateja nataka kuwahi sala. Nimeisingizia hata sala, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja siku ya fainali. Unajua watu wanavyokuwa siku kama hiyo. Wakulima wa kahawa waliteremka kutoka juu na makoti yao, na wafanyabiashara waliokuwa wanarudi Kongo wakaahirisha safari ili waone mpira kwanza. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu asubuhi, na bado mchana nikawaonyesha watoto filamu, kwa tamaa. Jioni kibanda kikajaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Kipindi cha kwanza kikapita salama. Cha pili kilipoanza tu, inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri, ikaanza kulia. Picha ikanywea, ikazimika.

"Mama, washa!"

"Iko nini tena?"

Thembo, yule wa mashine ya kahawa, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Huyu mama anatuchezea! Marehemu Ramadhani hakufanya hii kitu hata siku moja!" Na nyuma yake mtu akacheka, akasema kazi ya mwanaume inamtaka mwanaume.

Nikapanda juu ya benchi. Sijui nilitaka kusema nini. Nilichosema ni hiki: "Betri ni ya marehemu! Ndiyo takataka aliyoniachia. Sasa nifanye nini na vitu vibovu alivyoniachia?"

 Kisha mmoja wa wale Wakongo, mwenye kofia ya sufu, akasema kwa huruma, "Aa, basi musimulaumu mama. Ni bwana yake alimuachia kitu mubovu." Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wananipa pole. Hata Thembo alinipa pole. Ningeona afadhali wanitukane, wavunje mabenchi. Kila pole niliyoipokea nilikuwa nainunua kwa jina lako.

Katika mwanga wa simu zao nikamwona Bwambale mlangoni. Yeye alijua betri yako ilishakufa, na kwamba hii niliinunua mwenyewe. Akainamisha macho, akaondoka. Na pembeni ya pazia alikuwa amesimama Shamim.

Asubuhi binti yako alikuwa jikoni. Alikuwa anapuliza moto, akauliza bila kugeuka, "Mama, Baba alituachia takataka?"

Yeye ndiye aliyekuwa anakushikia chupa ya maji ya betri, unakumbuka, na wewe unamwambia asimwage hata tone.  Nikamgombeza kuhusu moshi.

Nilidhani yataishia hapo. Lakini neno halikai mahali ulipoliacha. Siku ya soko nikateremka Bwera, mama mmoja wa vitenge akanishika mkono: "Pole, dada, nasikia marehemu alikuacha na mambo mabaya." Juma naye akaja nyumbani kuuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna vitu vingine vibovu ulivyowauzia watu, ili familia ijiandae. Wewe! Wewe uliyekuwa unarudi kwa mteja na tochi kumwambia ulikosea kumfungia waya! Nilimwangalia Juma na sikumwambia ukweli. Hata hapo sikumwambia. Nilisema tu, "Acha maneno ya watu, shemeji."

Aliyenifuata ni Masika, mke wa Bwambale. Aliingia jikoni kwangu, akakaa bila kukaribishwa. "Mama Shamim, mimi sikuja kukuhukumu. Kesho tunaenda Kasese watatu, kwa pikipiki ya mume wangu. Mimi nakaa katikati, tuone Halima atasema nini." Nikacheka, kisha nikalia, na yeye akaniacha nilie.

Tulikwenda duka lingine. Bwambale akabaki mlangoni. "Sema wewe, mama," akaniambia. "Wewe ndiye utaitumia." Nikasema, na nilipokuwa nasema nilishangaa maneno yako yanatoka kinywani mwangu. Nikamtajia muuzaji televisheni, dikoda, spika na taa, nikamwambia vinawaka kwa muda gani. Akapiga hesabu, akachagua betri ambayo kazi yangu ya jioni haitaimaliza hata nusu, kwa sababu ukizoea kuishusha chini ya nusu unaiua mwenyewe. Nikaomba niinyanyue, haikunyanyuka bila Masika. Nikauliza ilitengenezwa lini, isije ikawa imelala dukani na njaa kama ile yako. Akaipima na mita mbele yangu.

Bwambale alitaka tuchukue ya kuongeza maji, kama uliyokuwa nayo. Mimi nikachukua ile iliyofungwa, isiyotaka maji. Usikasirike. Wewe ulikuwa unaitazama kila Jumamosi. Mimi natoka kwenda Bwera kuleta bidhaa, na najijua, nitasahau. Nimeshasahau mara moja.

Jumamosi kibanda kikajaa tena. Kabla ya kuwasha nikasimama mbele, chini, si juu ya benchi.  Nikawaambia: "Ndugu zangu, siku ile niliwadanganya. Betri iliyozima haikuwa ya Ramadhani. Ya kwake ilikufa kwa kuwa mimi niliiacha bila chaji. Ile mbovu niliichagua mimi, Kasese, peke yangu. Mume wangu hakuniachia takataka."

Mzee mmoja akaguna, "Kumbe," akatoka nje na hakurudi. Vijana wawili wakacheka. Juma alikuwa ukutani, akaangalia chini. Thembo akasema, "Sawa, mama. Tumesikia. Sasa washa."

Nikawasha. Mpira ukaisha na taa bado zinawaka. Shamim alikuja akakaa karibu nami mlangoni. Hakunishika mkono, lakini alikaa hapo mpaka watu wote wakatoka.

Ungekuwepo ungeniambia basi, yamekwisha. Hayajakwisha. Yule Mkongo wa kofia ya sufu hakuwepo Jumamosi. Alishavuka mpaka wa Mpondwe na uongo wangu, na huko anakokwenda kuna watu waliokujua, waliokula nawe, ambao sasa wanaambiwa Ramadhani alimwachia mkewe kitu kibovu. Silijui jina lake. Najua kofia yake tu, na kwamba anauza maharage.

Mungu akupanulie mahali ulipolala, Baba Shamim. Nisamehe ukiweza, mimi mwenyewe bado. Nakuahidi kila siku ya soko nitapita kwenye maharage yote pale mpakani, nitazame kofia moja moja, mpaka nimpate yule mtu nimwambie. Nisipompata, mwezi ujao nitamwomba Masika tuvuke pamoja.

Mkeo,
Mama Shamim