Gesi Isiyo na Harufu

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini mdomo umezoea.

Tangu tukuzike, gereji yako hapa Shella tunaishika mimi na Swaleh. Mwanao huyo, wallahi, atanitoa roho! Ameleta mtu wa maneno matamu, eti magari yatatembea kwa haidrojeni, gesi inayotolewa kwenye maji. Wamelifunga gari lako la Pijo chupa ya maji chini ya boneti, nyaya mbili za betri, na mpira wa kupeleka gesi kwenye injini. Swaleh anataka kulijaribu kwa kumpeleka Mama hadi Marafa akamwone dada yake mgonjwa. Mama wetu, Baba, ndiye wa kujaribiwa?

Nikauliza: gesi inatolewa kwa umeme wa betri, betri inachajiwa na injini, injini inakunywa petroli. Sasa nani anamlisha nani? Yule bwana akacheka. Akasema ng'ambo magari ya haidrojeni yapo. Yapo, sikatai, lakini yana matangi ya kuhimili shinikizo kubwa na vituo vyake vya kujazia. Sisi kituo chetu kiko wapi, Mambrui?

Wewe hukuwasha gari la mtu kabla ya kuingiza pua chini ya boneti kutafuta petroli inayovuja. "Nusa kwanza, Zuhura, ufunguo baadaye." Jana nikanusa, nikanusa tena. Hakuna kitu. Nikashusha pumzi, kisha nikaingiwa na hofu, maana gesi hii haina harufu. Pua uliyonifundisha haikunifaa. Nikalia pale pale, Baba, mikono ina grisi, hata machozi siwezi kufuta.

Ndipo nikaikumbuka ndoo yako ya povu la sabuni, ile ya kutafutia pancha. Swaleh akaunganisha nyaya bila kuwasha injini, nami nikapaka povu pale mpira unapoungana na chupa. Likafura. Likapasuka, likafura tena: gesi inavuja, na cheche moja tu ingeilipua.

Leo asubuhi namsikia Swaleh akisema tatizo ni mpira huo tu, atatia mwingine. Yule bwana naye hashiki simu. Mimi simwamini bwana, simwamini mpira, na ndugu yangu namwamini nusu.

Lala salama, Baba. Ufunguo wa Pijo nimeufunga kwenye pindo la leso yangu. Nakuahidi Mama atafika Marafa kwa petroli, nami ndiye dereva. Na hiyo chupa naing'oa sasa hivi, kabla Swaleh hajarudi na mpira wake.

Mwanao, Zuhura