Dakika ya Apaloreng

Dada yangu Furaha,

Nakuandikia kutoka Lodwar, nyumbani kwa mama, nikijua fika kwamba hakuna posta ya kuifikisha barua hii uliko. Ungekuwapo ungenicheka: "Ndugu wa masomo, hata kwa wafu unapeleka hoja?"

Nilipoingia ukumbini mwako kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2012, nilikuwa na shahada mpya na kiburi kisicho na mpaka. Ulikuwa umeusimamisha kwa mabati na maturubai, na kila Jumamosi alasiri ulipigwa humo muziki usiosikika popote kwingine: gitaa lenye nyuzi za waya wa breki, ngoma za mitungi ya mafuta, Wakongomani wenzako, Warundi na vijana wa Sudan Kusini wakijibizana kila mmoja kwa lugha yake. Nyimbo za redioni ulizipiga marufuku. Sheria yako nyingine ilikuwa hii: mgeni huanza kwa kuimba wimbo wa kwao.

Mimi, mwenyeji wa Turkana, nikakataa. Mlangoni nilikwisha kukueleza kwamba baba aliitwa Apaloreng, yaani baba wa yule mwekundu, kwa ajili ya maksai wake, na kwamba mwanamume wa kwetu humtungia maksai wake wimbo. Ukautaka huo. Nikapanda jukwaani nikatoa mhadhara: wimbo wa malishoni ukiletwa mbele ya watazamaji hugeuka bidhaa. Deng, mpiga ngoma wako, akapaza sauti, "Msomi, shuka! Hotuba haichezeki!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wewe hukucheka.

"Weye uko mutu wa hapa," ukasema, "na wimbo hauna? Haina neno. Tutakungojea."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kabla ya kufunga, ulizima jenereta ukatangaza: "Sasa, dakika ya Apaloreng." Watu wote wakanyamaza, wakinitazama. Nami nilikunja mikono, nikijifanya kwamba kimya changu ni msimamo.

Ulikuwa uongo, dada. Wimbo ule siujui. Baba alimuuza maksai huyo ili niende chuo kikuu, na tangu maksai alipoondoka baba hakuuimba tena. Alibaki na jambo moja tu: jioni alisimama mlangoni mwa zizi, akamwita mara tatu, "Loreng! Loreng! Loreng!", kisha akangoja, kana kwamba barabara ya Kainuk, aliyoswagwa nayo alipouzwa, ingemrudisha. Nikiwa likizoni nilimsikia, nikaona haya kwa niaba yake. Amekufa sijamwuliza maneno ya wimbo.

Homa ilipokuleta hospitalini hapa Lodwar mwaka huu wa 2013, ulinishika kidole. "Hapa hakuna watu. Niimbie ile ya baba."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Nikasema, "Upone kwanza. Nitakuimbia ukumbini."

"Haya, ndugu wa masomo. Miye nitangojea tena."

Hukuifikia Jumamosi.

Juma lililopita nilirudi Kakuma. Deng alizima jenereta, akaitangaza dakika ileile. Wageni wanadhani ni ya kukukumbuka wewe. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mabati yalikuwa yakilia kwa upepo, na kiti chako karibu na jukwaa hakuna aliyethubutu kukikalia. Nikasimama. "Wimbo siujui," nikawaambia. "Sikuujua kamwe." Hakuna aliyecheka. Kisha nikafanya lile nililolionea haya: nikamwita Loreng mara tatu, kwa sauti ya baba, nikauelekea mlango, nikangoja.

Muda ukapita, dakika ikapita. Deng akanisogelea, akaninong'oneza, "Anakuja?"

"Bado," nikamjibu.

Akaketi chini kando yangu, naye akautazama mlango. Jenereta hakuiwasha.

Nakuaga hapa, dada. Ukionana na baba huko, mwombe maneno. Nawe uyashike, maana mimi sikuyashika.

Nduguyo wa masomo,
mwana wa Apaloreng